Mfungo wa 12: Deiwaka wa Jioni na Jasho la Halali

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Alhamdulillah, tumefikishwa mfungo wa 12. Kumi la rehema limeshatuaga, tumo ndani ya kumi la maghufira. Mwenyezi Mungu atutakabalie yaliyopita na atutie nguvu kwa yaliyobaki.

Njombe mjini tuna kata inaitwa Ramadhani. Mwaka mzima watu wanapanda bodaboda na kusema, "Nipeleke Ramadhani." Sasa leo naomba tumwangalie huyu anayewapeleka wenzake Ramadhani kila siku: yeye mwenyewe mwezi huu wa Ramadhani anafikaje? Na hasa yule ambaye bodaboda si kazi yake kuu. Asubuhi yuko darasani, au lindoni, au kiwanda cha mbao, au shambani kwenye viazi. Jioni anaazima pikipiki ya mwenzake na kuingia barabarani kama deiwaka mpaka usiku.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya swali. Juzi baada ya tarawehe ndugu yetu mmoja alinisubiri mpaka watu wakaisha. Ni mwalimu. Akitoka kazini anachukua pikipiki ya rafiki yake, anaendesha kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku. Akaniambia: "Sheikh, kuna watu wananiambia mwalimu kuendesha boda ni kujidhalilisha. Wengine wananiambia naiba muda wa mwajiri. Mimi nina watoto wanne na mama mgonjwa. Niambie tu ukweli, hela hii ina baraka au haina?"

Swali zito hilo. Na nikatazama, nikaona si lake peke yake. Safu nzima ya nyuma msikitini ina kofia ngumu zimepangwa pembeni ya viatu. Basi tulijibu pamoja.

*1. Je, ni fedheha?*

Tulimalize hili kwanza kwa sababu ni jepesi. Mtume wetu (S.A.W.) alichunga kondoo wa watu wa Makka kwa ujira. Nabii Daud (A.S.) alikuwa mfalme, na bado alikula kutokana na kazi ya mikono yake, na Mtume akalisifu hilo kwamba hakuna chakula bora kuliko hicho. Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala. Nabii Musa (A.S.), aliyesema na Mola wake, alikuwa kibarua wa kuchunga mifugo kule Madyan kwa miaka.

Sasa kama Manabii walichunga na kuranda mbao, wewe na diploma yako ni nani uone haya kubeba abiria? Fedheha ni kuomba wakati mikono ipo. Fedheha ni kukopa ukijua hulipi. Fedheha ni kuwaacha watoto wakiangalia sufuria tupu huku umekaa kijiweni unalinda heshima. Mwalimu anayevua tai na kuvaa koti la mvua ili mama yake apate dawa, huyo ni mtu wa kuombewa dua, si wa kuchekwa.

Kwa hiyo anayemcheka mwenzake kwa hili, ajue anacheka sunna ya Manabii. Nami ninawaomba wazazi: msiwafundishe watoto kumcheka mwalimu wao wakimuona barabarani. Mwambieni, "Shikamoo mwalimu," kama mnavyomwambia shuleni.

*2. Je, ni wizi wa muda?*

Hapa ndipo penye kazi. Na hapa tufungue Suratul Qasas, kisa cha Musa (A.S.) alipofika Madyan. Amekimbia Misri, hana mtu, ana njaa. Anakuta mabinti wawili wamezuia mifugo yao wakisubiri wachungaji wanaume wamalize kunywesha. Akawanyweshea bila kuwatajia bei. Kisha akaenda kukaa kivulini na kumwomba Mola wake. Baadaye mmoja wa wale mabinti akamshauri baba yake amwajiri, na akataja sifa mbili za mtu anayefaa kuajiriwa: awe na nguvu, na awe mwaminifu.

Zishike sifa hizi mbili: *nguvu na uaminifu*. Darsa yote ya leo imo humo.

Angalia mkataba wao ulivyokuwa. Mzee wa Madyan alitaja muda: miaka minane. Akasema ukitimiza kumi, hiyo ni hiari yako. Akasema pia kwamba hataki kumtaabisha. Musa akakubali kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya ile miwili, asidhulumiwe. Tazama jinsi mambo yalivyo wazi: muda unajulikana, wajibu unajulikana, hiari inajulikana, na kila upande unajua mpaka wake. Ibn Abbas (R.A.) alipoulizwa Musa alitimiza muda upi, alijibu kwamba alitimiza ule mrefu zaidi.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu. Mshahara wako ni ujira. Umeuza masaa fulani na kazi fulani. Masaa hayo si yako tena, ni amana ya wanafunzi. Ukitoka saa tano darasani kwa kisingizio cha hospitali kumbe unawahi abiria wa basi, hapo umechukua ujira wa sehemu mbili kwa muda mmoja, na mmoja kati ya hizo si halali yako. Ukifika darasani una usingizi mpaka unawaambia watoto "soma wenyewe ukurasa wa 30" halafu unalalia meza, muda umekuwepo lakini *nguvu* haikuwepo. Mwili umeripoti kazini, mwalimu hajafika.

Lakini kama umemaliza vipindi vyako, umesahihisha madaftari, umeandaa somo la kesho, na masharti ya ajira yako hayakukatazi kazi nyingine nje ya saa za kazi, basi masaa yako ni yako. Hukuiba kitu. Yasome hayo masharti, usikisie. Na kama yanataka uombe kibali, omba kibali. Muislamu anafungwa na masharti aliyoyakubali.

Kuna kisa kimoja napenda tukikumbuke. Sayyidna Abubakar (R.A.) alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Alipopewa ukhalifa, asubuhi yake alibeba nguo zake akaelekea sokoni kama kawaida. Akakutana na Umar na Abu Ubayda (R.A.). Wakamuuliza unakwenda wapi, nawe umeshabeba mambo ya Waislamu? Akawauliza, sasa familia yangu nitailisha nini? Hawakumwambia "subira tu." Walikwenda kumpangia posho kutoka Baitul Mali, inayomtosha yeye na watu wake, ili kazi ya umma ipate mtu mzima na si nusu mtu.

Kisa hiki kina maneno kwa pande mbili. Kwa mfanyakazi: kuna majukumu ambayo hayataki mtu aliyegawanyika, na ukiona kazi ya pili inaila ya kwanza, simama utafakari. Kwa mwajiri: Abubakar hakuacha biashara kwa kukemewa, aliacha kwa sababu alitoshelezwa. Mwenye shule, mwenye kiwanda, mwenye duka, hata sisi kamati ya msikiti na walimu wetu wa madrasa: kama tunamlipa mtu kiasi ambacho tunajua hakifiki tarehe 15, tusishangae tukimuona barabarani saa tatu usiku. Tujiulize kwanza.

*3. Hesabu, deiwaka na bosi*

Sasa tuingie kijiweni. Mnajua utaratibu. Mwenye pikipiki ni bosi. Dereva anapeleka hesabu kila siku, tuseme elfu saba au elfu nane, kinachozidi ni chake. Deiwaka naye anachukua kwa dereva kwa masaa machache, wanakubaliana.

Huu ni mkataba wa ijara, na sheria yake ni ile ya Madyan: kila kitu kiwe wazi. Mafuta ni ya nani? Pancha ni ya nani? Siku ya mvua kubwa isiyo na abiria, hesabu inakuwaje? Pikipiki ikikamatwa kwa sababu haina bima, faini ni ya nani? Na kubwa kuliko yote: *je, bosi anajua kwamba pikipiki yake jioni inaendeshwa na mtu mwingine?* Ndugu zangu, hili wengi wanalirukia. Dereva amekabidhiwa yeye, anampa deiwaka kimyakimya. Ikipata ajali, inaanza hadithi ya "alikuwa ameiegesha tu." Hiyo si hadithi, ni uongo juu ya mali ya mtu, tena mdomo umefunga. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyeacha kusema uongo na kuufanyia kazi, Mwenyezi Mungu hana haja ya kuacha kwake chakula na kinywaji.

Dawa yake ni simu moja: "Bosi, jioni kuna mwalimu fulani anaendesha, ana leseni, unaridhia?" Akikubali, mmekuwa safi wote watatu. Akikataa, mali ni yake.

Na ninyi mabosi, nanyi mmo humu kwenye kundi, nawaona majina. Mtume (S.A.W.) amehimiza kibarua apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Amesimulia pia kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyeajiri kibarua, akaitimiziwa kazi, kisha asimlipe. Nani anataka kesi na Mwenyezi Mungu?

Kuna pikipiki za mkataba: dereva analipa kila wiki mpaka iwe yake. Ni jambo jema, limewatoa vijana wengi. Lakini mnaandikiana? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ile ya mwishoni mwa Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Sasa kijana amelipa miezi kumi na moja, akaugua wiki mbili, bosi akaja kuchukua pikipiki na kusema mkataba umevunjika. Alicholipa kilikuwa kodi au kilikuwa bei? Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Mbele ya mahakama unaweza kushinda kwa sababu kadi ina jina lako. Mbele ya Mwenyezi Mungu kadi ya pikipiki haisomwi, inasomwa nia.

Mkumbuke yule mtu wa tatu katika hadithi ya watu walioziba pangoni. Kibarua wake aliondoka bila kuchukua ujira. Akauzalisha ule ujira mpaka ukawa mifugo mingi, na kibarua aliporudi miaka baadaye, akampa yote. Kwa amali hiyo jiwe likasogea. Mabosi, ni amali gani ya kijana wako utakayoitaja siku jiwe litakapokuziba?

Wenzetu wa Dar es Salaam wanaendesha kwa programu za simu. Uber iliingia pale mwaka 2016, na Bolt nayo ipo. Huko bosi si mtu unayemuona, ni kampuni inayokata asilimia katika kila safari. Mwaka 2022 LATRA ilipoweka kiwango cha makato kuwa asilimia 15, Uber ilisimamisha huduma mwezi Aprili, ikarejea Januari 2023 baada ya kiwango kupandishwa hadi asilimia 25. Madereva, kampuni na serikali walivutana karibu mwaka mzima juu ya jambo moja: katika jasho la dereva, nani achukue kiasi gani? Mwenye kuunganisha abiria na dereva anastahili ujira wake, hilo halina ubishi. Lakini liwe linajulikana, na liwe la haki. Huku kwetu wengi bado tunapigiana simu tu, "uko wapi, njoo unichukue." Hata hivyo, kijiweni yupo anayepigiwa simu kisha anampa mwenzake safari na kuchukua chake. Sawa, chukua, ila mwambie kabla hajawasha pikipiki, si baada ya kurudi.

*4. Nauli, na mgeni aliyeshuka usiku*

Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inapita pale, ya Njombe na Songea inachepuka pale, na reli ya TAZARA ina stesheni pale. Usiku mabasi yanashusha watu wasioijua Makambako hata kidogo. Baridi inakata, mvua inanyesha, mtoto yuko mgongoni, simu imezima. Anauliza, "Mpaka Lyamkena shilingi ngapi?" Hapo ndipo funga yako inapopimwa.

Zamani za Mtume (S.A.W.) kulikuwa na watu wanatoka nje ya mji kuwalaki wasafiri wenye bidhaa kabla hawajafika sokoni, wananunua kwao kwa bei ya chini kwa sababu wale hawajui bei ya mji. Mtume akakataza. Na imepokewa kwamba mwenye bidhaa akifika sokoni na kugundua, ana hiari ya kuuvunja mauziano. Kosa lilikuwa nini? Bei ilikubaliwa, hakuna aliyelazimishwa. Kosa ni kula kupitia *ujinga wa mgeni*.

Sasa pima mwenyewe. Kupandisha nauli usiku, au mvua ikinyesha, si haramu. Usiku una hatari, barabara ya tope inakula mafuta na matairi. Mtume mwenyewe alipoombwa awapangie watu bei sokoni, alijizuia. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mtu, "Mama, mchana ni elfu moja, usiku huu na mvua hii ni elfu mbili, unaridhia?" na kumwambia, "Ni elfu sita, ni mbali sana," unamzungusha mitaa mitatu ili aone kweli ni mbali. Ya kwanza ni biashara. Ya pili ni ile ile ya kulaki misafara, tofauti ni kwamba siku hizi msafara unakuja na basi.

Tajeni nauli kabla ya kupanda. Ile "panda tu, tutaelewana" ndiyo inazaa matusi mlangoni kwa mtu saa tano ya usiku.

Na tukumbuke sisi ni wachache katika mkoa huu. Abiria wako wengi si Waislamu. Hawatahudhuria darsa, hawatasoma ujumbe huu. Qur'an watakayoiona ni wewe: kofia yako, kanzu yako ya Ijumaa, jina lako kijiweni. Mgeni akisema asubuhi, "Yule kijana Muislamu alinirudishia chenji yangu yote," umehubiri kuliko mimi. Akisema kinyume chake, umebomoa minara tuliyoijenga kwa harambee.

Na dada anayepanda usiku ni amana mara mbili. Mpeleke anakokwenda, kwa njia inayojulikana, kwa maneno ya heshima, na uwashe taa mpaka aingie ndani. Musa aliwasaidia mabinti wa Madyan kisha akaenda kukaa kivulini. Hakuwafuata.

*5. Mwili wako na roho ya abiria*

Tulisema nguvu na uaminifu. Tumesema sana uaminifu, sasa nguvu.

Salman na Abu Dardaa (R.A.) waliunganishwa undugu na Mtume (S.A.W.). Salman akamkuta nduguye anafunga mchana na kusimama usiku kucha hadi mkewe amesahauliwa. Akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipoelezwa, akasema Salman amesema kweli.

Huyo Abu Dardaa alikuwa anajichosha kwa ibada. Sasa vipi anayejichosha kwa elfu mbili mbili? Umeamka saa kumi kwa daku, umefundisha mpaka saa tisa, umeendesha mpaka saa nne usiku, ukaongeza moja ya mwisho, na nyingine ya mwisho. Macho yanafunga kwenye ule mteremko wenye ukungu. Nyuma yako kuna mtoto wa mtu. Hapo hauko tena katika kutafuta riziki, umeingia katika kuihatarisha nafsi ambayo Mwenyezi Mungu ameiharamisha.

Vaa kofia ngumu, na ya abiria iwepo, tena safi. Usipakie mishikaki. Na ukisikia usingizi, rudisha pikipiki. Riziki uliyoandikiwa haitapita kwa sababu ulilala.

Saa ya hatari kuliko zote mwezi huu ni ile ya kuelekea magharibi. Kila mtu anawahi futari, abiria anakusukuma begani, "kaza mwendo." Kuharakisha kufuturu ni sunna, lakini kunatimia kwa tende moja na maji. Weka tende mfukoni na chupa ya maji. Jua likizama, egesha pembeni, futuru, omba dua yako, kisha endelea taratibu. Hakuna aliyeambiwa awahi sambusa kwa kuacha damu barabarani.

*6. Masuala ya funga mliyoniuliza*

*Redio.* Wapo wanaofuturu kwa adhana ya redio ya Dar es Salaam. Jua la Dar linazama kabla ya la kwetu kwa dakika 15 na zaidi, kwa sababu wao wako mashariki. Ukifuturu kwa adhana yao ukiwa Njombe, umekula mchana. Fuata adhana ya hapa au ratiba ya msikiti wetu. Aliyefanya hivyo bila kujua, alipe siku hiyo baada ya Ramadhani.

*Safari.* "Sheikh, nimepeleka abiria Njombe kutoka Makambako, si mimi ni msafiri?" Wanazuoni wetu wa Shafi wanataja masafa ya kilomita 80 na zaidi, na yanahesabiwa ya kwenda, si kwenda na kurudi. Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60. Kwa hesabu hiyo hujawa msafiri wa kufungua. Mwenye safari ndefu aniulize kwa hali yake.

*Uchovu.* Uchovu wa kawaida hauruhusu kufungua. Lakini ukifikia hali ya kuogopa madhara ya kweli, kizunguzungu cha kukuangusha, fungua kisha utalipa. Ila zingatia: kazi ya ziada ambayo unaweza kuipunguza, ipunguze kwanza kabla ya kuipunguza funga. Mwezi mmoja, kama hali inaruhusu, toka saa moja baada ya futari badala ya saa kumi.

*Kitu kilichosahaulika.* Abiria ameacha simu au mfuko. Si zawadi ya Ramadhani hiyo. Ni amana, unatakiwa umtafute mwenyewe. Acha simu imewaka ili apige. Toa taarifa kijiweni na stendi. Usizime ukatoa laini. Aliyezima ameshajijibu mwenyewe.

*Jibu la mwalimu wetu*

Basi ndugu yangu uliyenisubiri, na wote wenye swali kama lako, jibu ni hili. Kazi yako si fedheha. Muda ulioumaliza kwa uaminifu umebaki wako, na hela unayoipata kwa nauli ya wazi, kwa pikipiki ambayo mwenyewe ameridhia, ni halali. Baraka inaanzia hapo, kwenye uhalali, lakini haiishii hapo.

Kwa sababu umeniambia una watoto wanne, nikakuuliza mara ya mwisho ulifuturu nao lini. Ulinyamaza. Hiyo nayo ni haki ya mtu. Watoto wanahitaji ada na unga, na wanahitaji pia sauti ya baba yao ikisema "Bismillah" mbele ya sahani. Chagua walau siku mbili kwa wiki katika mwezi huu, pikipiki ibaki kwa mwenyewe, nawe uwe wa kwao. Ukihesabu, utakosa labda elfu kumi na kitu. Mwombe Mwenyezi Mungu aijaze hiyo nafasi, kwani Yeye hashindwi. Na mama yako mgonjwa, ukipita na pikipiki ukielekea kijiweni, simama kwake dakika tano. Hiyo safari haina nauli duniani.

Nasi jirani zako tuna wajibu. Ukimjua mtu anayehangaika namna hii, usimwachie ushauri peke yake. Mpigie yeye ukitaka usafiri. Mlipe bila kubishana mia tano. Zaka ikitoka, mkumbuke: mwenye kazi mbili na bado hatoshelezwi, naye anaweza kuwa miongoni mwa wenye kustahiki, na mara nyingi huyo ndiye haombi.

*Kazi ya leo*

Moja: dereva, mwambie bosi wako ukweli wa jambo moja ambalo hajui kuhusu pikipiki yake.
Mbili: bosi, andika mkataba wako na kijana wako kwenye karatasi, mashahidi wawili, kila mmoja abaki na nakala.
Tatu: abiria, leo ukishuka, sema "Mungu akujaalie" kisha toa nauli kamili.

Tuombe.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tusihitaji haramu. Wape nguvu na uaminifu wote wanaotafuta riziki barabarani, mchana na usiku, katika mvua na ukungu. Warudishe salama kwa watoto wao. Waponye wagonjwa wetu, akiwemo mama wa ndugu yetu. Walainishe wenye mali wasiwadhulumu wenye jasho, na walainishe wenye jasho wasihini amana za wenye mali. Tutakabalie funga zetu, na utufikishe Laylatul Qadr tukiwa hatuna haki ya mtu shingoni. Aamin.

Msomee na mwenzako asiye na simu ya kusomea. Kesho In shaa Allah tutaendelea, baada ya sala ya alfajiri.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.